Saa Tisa na Nusu Haikufika

Jumapili, simu inalia kabla sijafungua jicho la pili.
Ni Skaidrīte, mwenye tanuri la mtaa wa chini, Daugavpils,
sauti imemkauka kama ukoko:
"Orodha haikuja. Unga umeumuka tayari,
lakini nimwokee nani, na mingapi?"

Nikaibishia seva hodi, ikaitika upesi.
Haina homa, haina hata kikohozi.
Diski imejaa nusu tu, kama ndoo ya mvivu.
Cheti cha usalama kimebakiza siku sitini za kuishi.
Hifadhidata nikaiuliza maagizo ya jana,
ikayataja yote, mia na kumi na mawili,
hadi la mwalimu Broņislavs, asiyetaka bizari.
Kila kitu kizima, na mkate hakuna.
Hapo ndipo hofu huanza:
mgonjwa anayekuchekea,
hujui umshike wapi.

Nikafanya yale tufanyayo sote.
Nikaizima, nikaiwasha.
Nikafuta kashe. Nikaifuta tena, iliyokwisha kufutika.
Nikaweka koma, nikatoa koma.
Chai ikapoa. Nje barafu ya mto ilikuwa inapasuka,
vipande vikigongana kama vyombo jikoni
kwa mtu aliyenuna.

Ndipo nikamkumbuka Ilgvars.
Ijumaa aligusa faili; jina lake lipo, na saa yake.
Nikampigia huko shambani kwa wakwe zake,
nikamwambia maneno ambayo nikiyaandika hapa
ukurasa utaona haya.
Hakurudisha ukali. "Nilibadilisha rangi ya kitufe," akasema.
Kisha, baada ya kimya:
"Umesoma kumbukumbu za seva?
Sisemi kuzipitia. Kuzisoma."

Nikazisoma, mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo,
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Saa nane na dakika hamsini na tisa: mtu ametazama keki za jibini.
Mstari unaofuata: saa kumi kamili.
Nikapanda. Nikashuka tena.
Katikati hapana kitu, hata pumzi.
Saa tisa nzima haikuwepo.

Ah. Mwisho wa Machi.
Huku kwetu, usiku mmoja wa mwaka, saa moja hukatwa
na kutupwa, ili jioni za kiangazi zirefuke,
na sisi tuliolala hatuulizi ilikozikwa.
Nami Septemba iliyopita, kwa mkono huu huu,
niliandika: ikifika saa tisa na nusu, tuma orodha.
Haikufika.
Mashine ilikaa kama mbwa langoni,
masikio wima,
ikiingojea saa isiyo na miguu.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe niliishona mimi.

Nikaiambia seva ifuate saa isiyojua kiangazi wala bunge,
nikaandika juu ya mstari: USIGUSE. Hapa mkate ulikosekana.
Dakika nne. Kutafuta kulikula asubuhi yote.

Skaidrīte alioka kwa kukisia.
Mikate thelathini na mmoja ilibaki,
na watu tisa waliondoka mikono mitupu.
Nilipokwenda kumwomba radhi, niliona saa ya ukutani,
juu ya tanuri, bado iko jana.
"Hiyo siigusi," akasema. "Moto haujui sheria.
Najumlisha moja kichwani mpaka vuli."
Akanikatia kipande cha mkate mweusi, hauna bizari.
Nikaelewa ulikuwa wa nani.

Oktoba saa ile itarudi, tena mara mbili mfululizo.
Sikusudii kungoja mpaka hapo
ndipo nimpigie Ilgvars.
Lakini leo ni Jumanne,
na simu nimeilaza kifudifudi mezani.